Shoka na Mundu Hawakusikiana

Mwezi uliopita vijana wawili walikuja kwangu Kaengesa kufunga hereni za ng'ombe, zile za kisasa ambazo ndani yake mna namba inayosomwa kwa mawimbi ya redio. Ninyi mnaosoma haya huenda ndiyo kazi yenu. Ng'ombe wangu ni sita tu. Walifunga vizuri, wakanywa togwa, kisha wakataka kuhakikisha kama hereni zinasomeka. Ng'ombe wakasongamana mlangoni pa zizi, na kifaa chao cha kusomea kikaanza kuona maluweluwe. Mara kinasoma ng'ombe wawili, mara kinanyamaza, mara kinamrudia yuleyule.

Kijana wa kwanza akasema, "Hizi hereni feki. Kuna mtu kazibadilisha huko stoo."

Wa pili akamtazama jirani yangu aliyekuwa ameegemea boma, simu mkononi. "Au ni simu ya huyu mzee," akasema. "Mzee, hebu sogea mbali."

Nikawaambia, "Wanangu, watoeni mmoja mmoja."

Wakawatoa mmoja mmoja. Wote sita wakasomeka. Yule wa pili, ambaye alikuwa na elimu ya mambo hayo, akanieleza kwamba kifaa kikirusha wimbi, kila hereni iliyo karibu inajibu kwa kutaja namba yake, na njia ya majibu ni moja. Hereni mbili zikijibu kwa pamoja, majibu yanapandana na hakieleweki kitu. Akasema kuna vifaa vipya vinavyojua kuziita kwa zamu, na kuzifundisha zile zilizogongana zisubiri kidogo kila moja kwa kiasi chake.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani peke yangu kidogo. Hayo aliyonieleza nilijifunza mimi miaka ya Ujamaa, kwa watu badala ya ng'ombe, na nilijifunza vibaya. Ndiyo maana nawaandikia.

Naitwa Otilia. Nilikuwa mwita redio wa idara moja pale Sumbawanga, na jina la idara halina umuhimu. Chumba changu kilikuwa na meza, redio kubwa ya kijivu, betri mbili za lori chini ya meza, na dirisha ambalo niliambiwa nisilifungue wakati wa kazi. Kwa nini nisilifungue? Watu wasisikie. Ilikuwa miaka ya kushukiana, wanangu. Mpaka wa Zambia uko hapo, ziwani ng'ambo ni Zaire, kusini watu wanapigana, sabuni haionekani dukani, na kila kitu kilichopotea kilikuwa na mwizi, na kila kilichoharibika kilikuwa na adui. Hakukuwa na kitu kinachoharibika chenyewe.

Hata mimi nilishukiwa. Nikipita Majengo, wanawake waliokaa barazani walikuwa wananyamaza mpaka nipite. Walidhani ile redio inasikia ndani ya nyumba zao. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama nilimsikia alivyogombana na mumewe Jumapili. Nikamwambia sikusikia. Hakuniamini, akaniletea ndizi.

Vituo vyetu vilikuwa vitano pamoja na changu, na kwa ajili ya usalama havikutajwa kwa majina ya vijiji. Wakubwa walivipa majina ya zana. Mimi pale Sumbawanga nilikuwa Nyundo. Kaengesa ilikuwa Jembe. Chala ilikuwa Panga. Kituo cha bondeni, kule chini ya milima upande wa Ziwa Rukwa, kiliitwa Shoka. Na kituo cha zahanati upande wa pili, kule chini kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kiliitwa Mundu. Siri yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, maana mwalimu aliyekuwa Jembe kila asubuhi alianza hivi: "Nyundo, Nyundo, hapa ni Jembe, habari za huko, hapa Kaengesa mvua imenyesha sana."

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi kutoka Rungwe, Mzee Anyelwisye. Mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunusa waya kabla ya kuugusa. Siku yangu ya kwanza nilishika kitufe cha kusemea, nikasema maneno yangu yote, kisha nikaendelea kukishika nikisubiri jibu. Nikasubiri. Nikasema, "Mzee, hawanijibu." Akanitazama kidole.

"Binti, umewafunga midomo watu wanne kwa kidole kimoja. Ukishikilia hicho, hewa ni yako, hakuna mwingine anayepita. Achia."

Nikaachia, na redio ikajaa watu wanaouliza kama Nyundo amekufa.

Alikuwa na neno lake alilolirudia kila kitu kilipoharibika: shuku waya kwanza, mtu baadaye. Nilimcheka moyoni, maana nchi nzima ilikuwa inafanya kinyume.

Utaratibu wetu wa kuongea ulikuwa mwepesi. Hewa moja, vituo vyote. Kuanzia saa mbili mpaka saa tatu asubuhi mwenye neno anasikiliza kwanza; akiona kimya, anashika kitufe na kusema. Akisikia mwingine anaongea, anangoja. Ni adabu ya kawaida tu, kama ya kwenye kikao. Na kwa muda mrefu ilitosha, maana waliokuwa na maneno walikuwa wachache.

Kisha vijiji vikakua, watu wakahamishiwa humo, taarifa zikawa nyingi: mbegu, chanjo, shule, lori limekwama. Na redio ikaanza kupiga mluzi. Ninyi hamjausikia ule mluzi. Vituo viwili vikisema pamoja kwenye hewa moja, sauti zinapandana, unatoka mluzi mwembamba unaochoma sikio, na ndani yake maneno kama bata wanaogombana. Hakuna sauti ya mume wala ya mke. Unaokota neno hapa, neno pale.

Nilianza kuandika kila mluzi. Sikuambiwa, ni mazoea yangu ya kuandika. Na nikaona jambo. Karibu kila mara mluzi ukiisha, sauti iliyobaki mkiani ni ya Shoka. "Shoka, namaliza." Mwingine anaanza, mluzi unapiga, na Shoka anamaliza.

Shoka alikuwa kijana aitwaye Zeno. Sikuwahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, sauti ya kucheka, yenye lafudhi nzito ya Kifipa kuliko hata yangu. Siku moja alinisalimia Kifipa hewani, na kanuni ilikuwa Kiswahili peke yake. Nilimkemea. Akacheka. Baada ya siku hiyo kila alichofanya nilikiona na kivuli chake.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi.

Kule ziwani ugonjwa wa kuhara na kutapika ulikuwa umeingia. Muuguzi wa zahanati, Mama Perpetua, ndiye aliyekuwa Mundu. Mwanamke wa makamo, aliyewahi kufundisha shule, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Asubuhi hiyo chumbani kwangu walikuwemo wakubwa wawili, wamesimama nyuma ya kiti changu, wanangoja karatasi ya taarifa waingie nayo kikaoni. Mzee Anyelwisye hakuwepo, alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta vipuri.

Mundu akaita. Hakungoja nimjibu. Akasema, "Nyundo, taarifa ya haraka. Maji ya dripu..." na hapo mluzi ukapiga. Nikaokota maneno: ya... kwisha au ya... fika, sikujua... na mkiani, wazi kabisa: "...imefika salama. Shoka, namaliza."

Shoka tena, nikajisemea. Hata kwenye ugonjwa.

Mkubwa mmoja akaniuliza, "Amesemaje wa ziwani?"

Nilipaswa kusema sijui. Nilipaswa kushika kitufe na kusema, Mundu, rudia. Lakini wale watu walikuwa wamesimama nyuma yangu, saa inakaribia tatu, na mimi niliona aibu kuonekana sisikii vizuri kazi yangu mwenyewe. Kwenye daftari la penseli nilikuwa nimeandika: maji ya dripu, imefika salama. Nilipolinakili kwenye karatasi safi nikasahihisha sarufi. Nikaandika: *Maji ya dripu yamefika salama.*

Wakaichukua, wakaenda.

Siku ya tatu dereva wa lori la samaki alileta barua ya Mama Perpetua. Mwandiko ulikuwa uleule ulionyooka. Aliuliza kwa nini dripu alizoomba baada ya zake kwisha hazikuletwa, na kwa nini alipoita tena siku iliyofuata hakuna aliyemjibu ila mluzi. Aliandika majina ya watu wawili waliokuwa wamefariki. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto wa kunyonya.

Siwezi kuwaeleza nilivyohisi, na sitaki kujipamba. Nitawaambia nilichokifanya. Nilipoitwa na afisa mmoja, mtu wa kaunda suti ya bluu ambaye hakuna aliyemjua jina lake, akaniuliza ilikuwaje, sikusema kwamba niliandika nisichokisikia. Nilimpa orodha yangu ya miluzi.

Akaisoma polepole. "Huyu Shoka anawakatiza wenzake."

"Ndiyo."

"Makusudi?"

Nikaitazama orodha yangu mkononi mwake. Kisha nikasema, "Kanuni anaijua. Anatakiwa asikilize kwanza."

"Ana ndugu ng'ambo?"

"Amewahi kusema mjomba wake yuko Zambia."

Akaandika. Akanipa karatasi niandike na mimi. Niliandika kwamba kituo cha Shoka kinakatiza vituo vingine bila kujali kanuni, hasa kituo cha zahanati. Kila neno kwenye ile karatasi nililiamini. Wanangu, nilikuwa na haja kubwa ya mkosaji, na yeye alikuwa karibu.

Walikwenda bondeni kumchukua. Walirudi na ushahidi: waya. Zeno alikuwa ameongeza waya wa redio yake, akaupandisha juu ya mti mrefu kupita tulivyomwekea. Yule afisa akaniuliza waya mrefu unafaa nini. Nikasema unasaidia kufika mbali. Akasema, "Mbali wapi?" Nikasema sijui.

Zeno akafungwa mahabusu. Kituo cha Shoka akapewa karani wa kijiji, mtu mzima, mpole, mwanachama mzuri.

Na mluzi ukaendelea.

Wiki ya kwanza nilisema moyoni, huyu bado mgeni. Wiki ya pili nikaacha kuandika orodha. Mtu ukiogopa jibu, unaacha kuuliza.

Mzee Anyelwisye alirudi kutoka Mbeya na vipuri vyake kwenye kikapu. Akasikia habari yote. Akaomba daftari langu, si ile karatasi safi, daftari la penseli. Akavaa miwani, akafika kwenye ile siku. Akaweka kidole hapo.

"Otilia, hapa umeandika maji imefika."

"Ndivyo nilivyosikia, Mzee."

"Mimi Mnyakyusa nikisema maji imefika, utacheka utasema huyo ndiye. Mama Perpetua anaweza kusema maji imefika?"

Nikalivuta daftari, nikalisoma tena.

"Kitu gani kinaweza kuwa kimefika salama, na kikaitwa *imefika*?" akauliza.

"Mbegu," nikasema. "Mbegu ya mtama. Bondeni walikuwa wanangoja mbegu."

"Basi hapa pana watu wawili ndani ya sentensi moja. Wa kwanza anasema maji yamekwisha. Wa pili anasema mbegu imefika. Wewe umewafungisha ndoa." Akavua miwani. "Na swali langu bado liko palepale. Kwa nini Shoka amesema wakati Mundu anasema?"

"Anapenda kukatiza."

"Na huyu karani naye anapenda?"

Akaniambia nijiandae, kesho yake nishuke bondeni nikakae kwenye meza ya Zeno. Yeye angebaki Sumbawanga kwenye kiti changu. Na akafanya jambo ambalo lilinitia hofu: alikwenda kumwalika yule afisa wa kaunda suti aje asikilize.

Dereva wetu alikuwa Salum, mtoto wa familia ya wenye maduka ya Majengo, aliyeikimbia biashara ya baba yake kwa sababu, alivyosema, kuuza chumvi siku hizi ni kama kuuza bangi, kila mtu anakutazama. Tuliondoka alfajiri. Ufipa juu ni baridi, nyasi na upepo. Ukifika ukingoni dunia inakatika, na chini kule bonde la Rukwa linang'aa joto. Salum aliteremsha Land Rover kwa gia ya kwanza, ukuta wa mlima ukawa unapanda nyuma yetu mpaka ukaficha nusu ya mbingu.

Katikati ya mteremko akaniuliza, "Dada, ni kweli yule jamaa jasusi?"

"Ndiyo tunakwenda kuona."

"Nauliza kwa sababu mimi nilimletea ule waya."

Nikageuka kumtazama.

"Aliniomba. Alisema hapa chini anasikia kama mtu aliye kisimani. Anataka kupandisha waya awasikie wenzake. Sikusema mbele yao pale ofisini." Akabadili gia. "Wewe ungesema?"

Mimi ndiye niliyesema yasiyotakiwa, na nilikuwa nimekaa pale mbele nikiheshimika.

Kituo cha Shoka kilikuwa chumba kimoja kando ya ghala. Yule karani akanipisha kiti. Ukutani Zeno alikuwa amebandika karatasi ya kanuni yetu, imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa: SIKILIZA KWANZA. Ule waya mrefu ulikuwa umeshakatwa kama ushahidi.

Saa mbili nikawasha. Nikamsikia Mzee Anyelwisye, Nyundo, wazi kama yuko chumbani. Nikamsikia Jembe kwa mbali, na mvua zake. Panga kidogo sana. Kisha kimya.

Nilikuwa na taarifa ya kutoa, tulivyopanga. Nikasikiliza. Kimya kabisa. Nikahesabu mpaka kumi ili nisikosee. Kimya. Nikashika kitufe.

"Nyundo, Nyundo, hapa ni Shoka. Tumefika salama. Namaliza."

Nikaachia. Sauti ya Mzee Anyelwisye ikaja, bila haraka.

"Otilia, umemkatiza Mama Perpetua."

"Mimi? Sijamsikia mtu, Mzee."

"Alikuwa katikati ya sentensi. Ngoja. Sikiliza tena."

Nikabandika sikio kwenye spika. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Palikuwa na mchakacho wa hewa tu, kama pumba zinazopepetwa. Nikangoja sana safari hii. Nikashika kitufe.

"Nyundo, hapa ni Shoka. Hewa ni tupu. Namaliza."

"Umemkatiza tena."

Mara ya tatu sauti iliyokuja haikuwa ya Mzee Anyelwisye. Ilikuwa ya yule afisa. Alikuwa amechukua kitufe mwenyewe.

"Shoka. Unamsikia Mundu au humsikii?"

"Simsikii, afande. Simsikii hata kidogo."

Pakawa kimya, na kile kimya nilikijua ni cha kweli, maana Nyundo ndiye aliyekuwa ananyamaza.

Nilikaa pale kwenye kiti cha Zeno. Jambo lenyewe ni dogo, mtoto angelielewa ukimchorea mchangani. Ufipa ni mgongo. Shoka yuko chini upande wa mashariki, Mundu yuko chini upande wa magharibi, na mgongo wote wa nchi uko katikati yao. Mimi niliye juu nawasikia wote wawili. Wao hawasikiani. Kila mmoja anasikiliza kwanza kwa adabu zote, anaona kimya, anasema. Na juu ya mgongo, masikioni mwangu, wanagongana. Nilikuwa mtu pekee katika mkoa mzima niliyeweza kusikia ule mluzi, na kwa sababu hiyo nilidhani kila mtu anausikia.

Kurudi ofisini hakukuwa rahisi kama mnavyofikiri. Salum alinishauri ninyamaze, nimwachie Mzee. Lakini karatasi ilikuwa na jina langu. Nilimkuta yule afisa amekaa.

"Kwa hiyo ripoti yako ya kwanza ilikuwa ya uongo," akasema.

"Nilichokiandika nilikisikia. Maana yake ndiyo nilikosea. Na kuna kingine sikukiandika." Nikamwonyesha daftari na ile karatasi safi, *imefika* na *yamefika*. Nikamweleza kwamba sikuomba kurudiwa.

Akatazama vyote viwili. "Unajua mtu mwingine angesema nini? Angesema umepangwa na wenzake Shoka uje umsafishe."

"Najua."

"Nani amekutuma?"

Mzee Anyelwisye alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Akasema, "Milima, afande. Hakuna mwingine." Akaja mezani, akaweka sahihi yake chini ya maelezo yangu mapya bila kuombwa.

Nilipewa barua ya onyo, nikastahili. Zeno alikaa mahabusu siku nyingine nyingi, maana kumtoa mtu kulihitaji mihuri mingi kuliko kumweka ndani, lakini alitoka.

Kuhusu kazi, nitawaambia tulivyorekebisha, huenda ikawafaa na hereni zenu. Tuliacha ile kanuni ya kusikiliza kwanza, kwa sababu ilimtegemea mtu asiyesikia. Nyundo ndiye anayesikia wote, basi Nyundo ndiye anayeita. Namwita Jembe, Jembe peke yake anajibu. Namwita Panga. Asiyeitwa hana mdomo. Mtu akianza kusema, mimi natangaza, "Hewa ina mtu, ngojeni," na hilo tangazo bondeni wanalisikia na ziwani wanalisikia. Baada ya kila wawili naacha kimya cha mwenye dharura. Wawili wakigongana kwenye kile kimya, kila mmoja ana hesabu yake ya kungoja kabla ya kurudia, na hesabu hazilingani: Mundu anangoja mpaka tano kwa sababu ya wagonjwa, Shoka mpaka kumi na tano, na kuendelea. Mwalimu wa Jembe alipewa thelathini, akawa anahesabu kama anakimbizwa na nyuki, tukampa sitini. Na chochote nilichopokea nilikirudia kwa sauti, neno kwa neno, sarufi mbovu na yote, mpaka mwenyewe aseme ndivyo. Mluzi ulipungua wiki ileile. Mama Perpetua hakuniandikia tena barua ya kuuliza. Hakunisamehe pia, alikuwa ananijibu kwa maneno yanayotosha kazi, mpaka alipohamishwa.

Na bado nawashuku wanaokuja na majibu ya haraka. Mtu akiniambia hereni ni feki, namuuliza amesimama wapi alipoipima.

Zeno alipotoka nilimwomba Salum anishushe tena bondeni. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso, alikuwa anaita mbuzi. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria, amekaa chini anasuka kihenge cha mtama. Mkewe alinipa kigoda. Hakunipa maji. Kwetu hilo ni neno, na nililipokea.

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka Zeno," nikasema.

"Nimesikia kwamba ulikwenda ukasema ukweli." Hakuacha kusuka. "Umefanya vizuri."

Nikamwambia kiti chake kiko, Mzee Anyelwisye amekubali arudi. Akatikisa kichwa. Alisema ile redio sasa akiisikia tu mkewe anakimbilia ndani.

Tukakaa. Fito zikawa zinapita mikononi mwake, moja juu, moja chini. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Dada Otilia, toka asubuhi ile ya dripu mpaka walipokuja kunichukua, zilipita siku ngapi?"

"Tisa."

"Siku tisa. Na kila asubuhi uliniita. Shoka, Shoka, habari za bondeni. Nami nikakuitikia, nzuri. Siyo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniuliza? Ungesema tu, Zeno, kwa nini unamkatiza Mama Perpetua?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikamwambia lile lililokuwa kweli, kwamba nilidhani angenidanganya.

Zeno akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo lilinilemea zaidi.

"Ningekuambia sijawahi kumsikia," akasema. "Hata siku moja."